Kigoda Kisichoshika Rangi

Kopo la tatu la rangi ya manjano nililinunua Alhamisi jioni, jua likizama nyuma ya milima, na nililinunua kwa hasira. Mwenye duka aliponiona navuka barabara na brashi mkononi, aliinua mikono kabla sijafungua mdomo.

"Mama Happy, rangi yangu nzima. Watu wamepaka mageti mwaka wa tatu huu hayajabanduka."

"Geti halikaliwi," nikamwambia. "Mimi nimepaka kigoda. Jumatatu nimepaka, Jumanne kimetoka rangi katikati. Jumanne nimerudia, jana kimetoka tena. Unaniuzia rangi au uji?"

"Labda mtoto anakisugua."

"Mtoto wa miaka minne! Anasugua na nini, na msasa?"

Akacheka, akanitolea kopo la kampuni nyingine, akaapa kwamba hili likibanduka atafunga duka akalime mpunga Tindiga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka na kile chumba, nimechoka na mafundi, nimechoka na ukoo mzima wa mume wangu. Ungeniona ungedhani nataka kuhamisha reli ya Kilosa, kumbe nataka mtoto wangu apate pa kuchezea.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Naeleza hapa kwa sababu mtu wa kumweleza uso kwa uso sina.

Mimi ni Sesilia, fundi cherehani, kwetu Njombe. Mume wangu Godfrey ni dereva wa watalii kule Mikumi, nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Nyumba tunayokaa Kilosa mjini ilikuwa ya Bibi Yunis, mama mzaa mama yake, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Ina chumba chetu, ina sebule ambamo nimeweka cherehani yangu, na ina chumba cha Bibi, ambacho tulikikuta na kufuli na kikabaki na kufuli. Mtoto wetu Happyness akawa anacheza chini ya meza yangu, kwenye pini na mikasi na pasi ya moto. Machi mwaka huu akaokota sindano akaitia mdomoni. Niliiona ikimeta juu ya ulimi. Niliitoa kwa kidole, na siku hiyohiyo nikasema basi, kile chumba kitafunguliwa.

Godfrey alinipa ufunguo kama mtu anayetoa jino.

"Fanya unavyoona. Ila vitu vya Bibi, muulize mama kwanza."

"Kwani wewe hujui?"

"Muulize mama."

Mama yake, Yusta, anakaa Kisanga, mahali ambapo ili simu ishike lazima upande mlimani. Nilipiga Ijumaa. Nilipiga Jumamosi. Jumapili nilipiga mpaka sauti ya yule dada wa "hapatikani" nikaichukia kama ya adui yangu. Huo ndio ukoo nilioolewa. Kila mtu anajua kitu, na kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake. Siku ya nne nikafungua mlango mwenyewe.

Kazi niliifanya kwa mapenzi, nisidanganye. Nusu ya chini ya kuta niliipaka kijani cha mafuta, ili alama za mikono zifutike kwa kitambaa. Nusu ya juu nyeupe. Ukuta mmoja nikaupaka weusi kama ubao wa shule, mtoto achore kwa chaki. Kreti kuukuu za soda zikawa rafu, zikapigiliwa usawa wa kifua cha Happyness ili achukue na kurudisha mwenyewe. Madumu nikayakata, nikayapaka bluu na nyekundu, yakawa ya kuwekea midoli. Chini mkeka wa plastiki, kwenye kona zote za meza vipande vya sponji, na kutoka ukuta hadi ukuta nikatundika bendera ndogondogo za mabaki ya vitenge. Kazi ilipokwenda vizuri hata kwa saa mbili, kile chumba kilinipa raha ambayo sijaipata tangu niolewe.

Na kwenye kona ndipo nilipokikuta kile kigoda.

Kilikuwa cha miguu mitatu, cha mti mweusi, kizito, kikalio kimelainika kwa kukaliwa. Mtu alikuwa amekipindua, miguu juu, juu ya kaniki iliyokunjwa vizuri. Masanduku na vinu na nyungo za Bibi nilivihamishia stoo ya uani, lakini kigoda nikaona hiki hakitupwi, kimo chake ni cha mtoto kabisa. Nikakigeuza. Nikakipiga msasa, nikakipaka manjano. Ile kaniki nikaichana, nikafutia brashi.

Jumatatu jioni, rangi ilipokauka, nikamkalisha Happyness juu yake, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. *Chumba cha michezo kimeanza kupata sura, karibuni wote.*

Hakuna aliyejibu. Godfrey aliiona, akanyamaza. Dakika tano baadaye dada yake, Loveth, anayekaa Magole, akatoka kwenye kundi. Bila neno.

Nikadhani ni wivu.

Basi, Alhamisi hiyo jioni nilirudi na kopo langu la tatu. Sikuwa nimekwenda mbali, duka liko ng'ambo ya barabara, na mtoto nilikuwa nimemwacha na fundi Zabron, seremala, aliyekuwa anapigilia rafu ya mwisho. Nilimkuta Zabron getini, mfuko wa vifaa begani.

"Rafu tayari, fundi?"

"Mama Happy, mimi naenda."

"Unaenda wapi? Wiki mbili nakubembeleza kama mchumba, leo umepiga misumari minne, unaenda?"

Akatazama nyuma yake, kuelekea nyumbani, akashusha sauti.

"Hukuniambia kama ndani kuna bibi."

"Bibi gani?"

"Amenifukuza. Ameniambia... ninampigilia misumari kichwani."

Akaondoka nusu akitembea nusu akikimbia. Nyundo yake iko kwangu mpaka leo.

Niliingia ndani huku nikimtukana moyoni. Sebule ilikuwa na taa. Kile chumba hakikuwa na taa, ingawa niliiacha ikiwaka. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya mti kwenye sakafu.

Kruuu...

Halafu kimya.

Kruuu...

Na harufu. Siku nne nzima chumba kile kilinuka rangi mpaka kichwa kikauma, lakini jioni ile hakikunuka rangi. Kilinuka ugoro. Ugoro na mafuta ya nyonyo na moshi wa kuni uliolala kwenye nguo.

Happyness alikuwa amekaa kwenye kigoda akinipa mgongo, anatazama ule ukuta mweusi. Miguu ameinyoosha mbele, mikono juu ya magoti.

"Happy?"

Hakugeuka.

"Happyness, mama nimerudi."

Akajivuta pamoja na kigoda, kidogo kidogo, mpaka akanigeukia. Kruuu... kruuu...

"Mke wa Godfrey," akasema. "Funga mlango. Baridi inaingia."

Sauti ilikuwa yake, ileile ya kuombea peremende. Mwendo wa maneno ndio haukuwa wake. Nami nitakiri, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa woga. Kilikuwa hasira. Nikafikiri Zabron amemfundisha upuuzi.

"Nani kakufundisha kuniita hivyo?"

Alikuwa analitazama kopo mkononi mwangu.

"Hiyo rangi," akasema, "inanichoma."

Nikaliangusha kopo. Kuanzia hapo woga ulinishika, na haukuniachia.

Ijumaa nilimpeleka hospitali. Malaria hakuna, damu ipo, kifua safi. Daktari alisema watoto wanaigiza wakubwa, nisimtilie maanani. Jioni nikiwa namsuka nikakuta unywele mweupe nyuma ya sikio. Nikaung'oa. Chini yake ulikuwepo mwingine, na mwingine, na nikaacha kutafuta. Kitandani kwangu hakutaka kulala. Alitaka kukaa. Nilikificha kile kigoda stoo, naye akaanza kukohoa kikohozi cha mtu mzima, akakohoa mpaka midomo ikawa ya bluu, na pumzi haikurudi mpaka nilipokirudisha nikamkalisha. Kule kukaa sasa ndiko kulikokuwa uhai wake.

Godfrey alifika Jumamosi. Aliingia kwenye kile chumba chenye rangi zote, akamwona binti yake, akasikia anaitwa jina alilokuwa anaitwa akiwa mtoto wa darasa la kwanza, jina ambalo hata mimi sikuwa nalijua. Akatoka akaenda kulia nyuma ya choo. Nilimfuata.

"Sema sasa. Ni nini hiki?"

"Namfuata mama," akasema.

"Godfrey, sema!"

"Siyo mimi wa kusema."

Wallahi siku hiyo ningekuwa na nguvu ningempiga.

Mama mkwe aliletwa Jumapili saa kumi, katoka kanisani na kanga yake ya ibada. Kwa kawaida Happyness akimwona anakimbia, anapiga goti nusu, anasema "shikamoo bibi" huku mkono wake tayari uko kwenye mfuko wa bibi kutafuta karanga. Siku hiyo hakuinuka. Alimtazama bibi yake aliyesimama mlangoni, akangoja. Alingoja kama mtu anayejua haki yake itakuja.

Mama mkwe akavua kilemba. Akapiga magoti, yeye na miaka yake sitini na mitano, juu ya mkeka wangu wa plastiki wenye picha za herufi.

"Shikamoo," akasema.

Bendera zangu za vitenge hazikutikisika. Hata nzi hakuruka.

"Marahaba, Yusta."

Mwanangu hakuwa anajua kwamba bibi yake anaitwa Yusta. Kwake yeye ni Bibi Kisanga tu.

Tulikaa uani, mimi na mama mkwe, Godfrey tumemwacha ndani amshike mtoto mkono. Mama alisema kwa kunong'ona, uso ameuelekeza chini.

"Kwetu siyo kama kwenu Njombe, mama Happy. Kwetu ukoo ni tumbo la mama. Kigoda cha mama yangu hakiji kwangu. Kinaruka, kinakwenda kwa mjukuu wa kike. Ni cha Loveth. Siku ya kuondoa matanga tulimwita akikalie, apewe na jina la Yunis. Akakataa. Akasema ameokoka, hayo ni mapepo. Tukakipindua. Kikiwa miguu juu, mwenyewe analala anasubiri. Wewe ukakigeuza, ukamweka mtoto."

"Lakini Happy ni wa kwenu! Ni mtoto wa Godfrey!"

"Happy ni wa tumbo lako. Watoto wa Godfrey kwetu ni wageni tunaowapenda." Akapangusa macho. "Bibi amechoka kusubiri, amekaribishwa, ameingia. Lakini hapo alipo hapamtoshi. Ndiyo maana rangi haishiki. Ndiyo maana mtoto anazeeka."

"Kwa nini hamkuniambia?" Nilipiga kelele, adabu yote iliniisha. "Mnanipa nyumba yenye mtu ndani halafu mnaninyamazia!"

"Ungeuliza."

"Nilipiga simu siku tatu!"

"Ungekuja."

Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba hakukosea. Nauli ya Kisanga nilikuwa nayo. Nilichokosa ni uvumilivu, nilitaka chumba changu.

"Tufanye nini, mama?"

"Loveth akikikalia, Bibi atamfuata palepale. Wako atakuwa huru."

"Na akikataa?"

Akafunga upya pindo la kanga yake.

"Kuna siku arobaini tangu mtoto alipokaa. Zikiisha, wako harudi tena."

"Mama, hakuna mwingine?"

"Ni Loveth... au damu ya Loveth. Ana Ida wake, ana miaka sita. Lakini mtoto hawekwi mpaka mama yake aridhie na ukoo ushuhudie. Akiwekwa kwa haki, Bibi anakuwa mlezi wake. Akiwekwa kwa siri, anabebwa vivyo hivyo kama huyu wako, na siku zake ni hizohizo, na wa kumtoa ni mama yake tu kwa kukaa mwenyewe." Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza. "Kumweka kwa siri siyo mila, mama Happy. Huo ni uchawi. Nisikusikie."

Nilimpigia Loveth jioni hiyo.

"Wifi, nakuombea usiku na mchana," akasema. "Lakini sikalii. Nikikalia nimerudi kule Bwana alikonitoa."

"Ni mtoto wangu, Loveth. Anaota mvi!"

"Najua. Pole, wifi."

"Uliiona picha! Uliiona ukatoka kwenye kundi! Ungeandika neno moja tu, 'kipindue.' Neno moja!"

Nikasikia anapumua.

"Niliogopa," akasema, akakata.

Wiki nne. Godfrey alikwenda Magole mara mbili, mara ya pili hakufunguliwa mlango. Mchungaji alikuja, akaomba kwa sauti, Happyness akamsikiliza kwa heshima, akaitikia amina, halafu akamsahihisha ubeti wa wimbo wa zamani alioukosea. Mchungaji akakunja kitabu. Mtoto alikuwa hachezi, haulizi, hali ila uji. Chaki zilikaa kwenye kopo lake nzima nzima. Kila asubuhi niliingia mle na kuona rangi zangu zote, kijani, bluu, nyekundu, na katikati yake kitu kidogo kinachopinda mgongo, na nilimchukia kila mtu. Nilimchukia Godfrey na kimya chake. Nilimchukia marehemu. Zaidi ya wote nilimchukia mwanamke mmoja Magole ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini kwa dakika moja.

Siku ya thelathini na nne nilikaa kwenye cherehani.

Nilikata sponji duara, sawa na kikalio cha kigoda. Nilichukua kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, chenye ndege wekundu, cha mteja, nikakikata bila kufikiri mara mbili. Nikashona foronya yenye marinda mpaka chini, miguu isionekane. Nikatia na mshikio, ili mtoto akibebe mwenyewe. Nilipomaliza, hata fundi aliyekichonga asingekitambua. Kilikuwa kitu cha kuchezea, kizuri, kinachomwita mtoto.

Nilijua ninachofanya. Asije mtu kusema sikujua.

Nilimbeba Happyness mgongoni, kigoda ndani ya mfuko, miguu yake ikikigusa ili pumzi isikatike, tukapanda gari la Dumila. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo. Tulipopita daraja akaniegemezea mdomo sikioni.

"Tunakwenda kwa Loveth," akasema. Sikuwa nimemwambia.

Halafu, taratibu, kwa furaha: "Ana mtoto."

Loveth alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililonikera kuliko kama angetufukuza. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamwona nywele, akalia machozi ya kweli. Tukakaa barazani. Nilimwomba mara ya mwisho. Niliteremka chini nikamshika miguu, mimi, mke wa kaka yake.

"Kaa tu, Loveth. Dakika moja. Nitakuwa mtumishi wako maisha yangu yote."

"Usinipigie magoti, wifi. Mpigie Mungu." Akaniinua. "Ngoja nikuchemshie chai, umechoka."

Akaingia jikoni. Ida alitoka kulisha kuku nyuma ya nyumba, mguu peku, meno mawili ya mbele hana. Akatuamkia, mimi nikaitikia. Macho yake yakaenda kwenye mfuko, maana marinda yalikuwa yanachungulia.

"Anti, hiki nini?"

Nikakitoa. Nikakiweka chini kwenye saruji, nikayanyoosha marinda.

"Kigoda. Nimekushonea."

"Cha kwangu?"

Jikoni nilimsikia Loveth anaimba wimbo wa sifa huku akivunja kuni. Happyness alikuwa kwenye mkeka, amefumbua macho, anatazama. Hakuwa ananitazama mimi.

"Nikalie?" Ida akauliza.

Ningeweza kusema subiri mama yako. Ulimi ulikuwepo na muda ulikuwepo.

"Kalia," nikasema.

Akakaa.

Nilihesabu pumzi zangu. Moja... mbili... Kuku wakanyamaza. Harufu ikapita barazani kati yetu, ugoro na moshi, ikapita mbele ya uso wangu kama mtu anayepisha mlangoni.

Halafu nyuma yangu mtoto akalia. Kilio cha mtoto, chenye kamasi, cha kudai.

"Mama! Mkojo!"

Sikuwa nimeitwa mama kwa mwezi mzima. Nilimrukia, nikamshika, alikuwa wa moto, alikuwa amejikojolea, alikuwa wangu. Loveth akatoka mbio na mwiko mkononi, akaona, akapiga magoti palepale.

"Bwana ametenda! Unaona, wifi? Unaona? Hatukuhitaji kukalia kiti cha mtu!" Akatukumbatia sote wawili, akilia na kucheka. Halafu akamwona mwanawe. "Hee, na hiki kizuri hivi umemshonea Ida? Mikono yako ina baraka."

Ida hakuinuka. Alikuwa amenyoosha miguu mbele, mikono juu ya magoti, anatutazama kwa upole. Alionekana ametulia. Alionekana mtu aliyefika kwake.

Chai sikuimaliza.

Chumba cha michezo sasa kinafanya kazi niliyoikusudia. Happyness anaingia asubuhi, anachora, anamwaga midoli, narudi kuokota. Mvi zilidondoka zenyewe. Godfrey anafurahi, hajauliza kigoda kiko wapi, na mimi nimejifunza tabia ya ukoo wake, simwambii. Mama mkwe alikuja mara moja. Alimwona mjukuu anaruka kamba, akaangalia kona zote nne za kile chumba, akanitazama. Akarudi Kisanga siku hiyohiyo bila kuvua viatu.

Jana Loveth amenipigia. Ilikuwa siku ya thelathini na nane tangu tutoke Magole.

"Wifi, samahani kwa usumbufu." Sauti ilikuwa imekwisha. "Ni Ida. Imemhamia Ida, wiki hizi zote nimefunga na kuomba, nikidhani itapita. Anakaa tu, hachezi, jana kaniita kwa jina langu kama mkubwa wangu. Nimekagua nyumba nzima, wifi, nimechoma hata picha. Sina kitu cha Bibi humu, hata kijiko. Imeingilia wapi?"

Happyness alikuwa ukutani anachora jua kubwa kwa chaki, ulimi nje.

"Wewe umepitia haya," Loveth akasema. "Ulifanyaje? Niambie, na mimi nifanye hivyohivyo. Chochote. Hata kama ni kukalia, nitakalia, nioneshwe tu kiko wapi."

Ningeweza kumwambia. Angegeuka tu, angekiona, mtoto wake yupo juu yake. Halafu angeniuliza kilifikaje kwake. Na ukoo wote ungejua. Na Godfrey angejua, na jina langu Kilosa lingekuwa lile ambalo mama mkwe alilitaja uani.

"Niliomba," nikasema.

"Uliomba vipi?"

"Niliomba tu, wifi. Usichoke kuomba."

Akanishukuru.